Shavu Linakupiga Shoti Kama Waya ya Stima? Kabla Ung'oe Jino, Cheki Hii Kwanza

Fikiria hivi. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umepanda nduthi hapo stage ya Turbo unaelekea Eldy. Baridi ya huku unaijua. Upepo unakugonga shavu la kulia na ghafla, paap! Ni kama mtu amechomeka waya ya stima kwa taya yako. Inakaa sekunde kadhaa, ikizidi sana dakika moja au mbili, halafu inaisha kabisa kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Mchana unauma mahindi choma, paap tena. Jioni unapiga mswaki, paap. Kufika wiki ya pili unaogopa hata kunawa uso.

Msee wa kawaida akipatwa na hii kitu anafikiria jambo moja tu: jino. Anaenda, anang'olewa. Siku tatu baadaye maumivu yako palepale, so anaamua lazima ni lile lingine la pembeni. Linang'olewa pia. Madaktari wa meno dunia nzima wanaijua hii story, kuna wagonjwa wamepoteza meno mawili, matatu, hata safu nzima, na yote yalikuwa mazima. Shida haikuwa kwa jino hata siku moja. Ilikuwa kwa wayaringi.

Hii kitu inaitwa nuraljia ya trijemina. Si ugonjwa wa kila mtu: kwa kila watu 100,000, hupata kama 4 hadi 13 kwa mwaka. Wengi wako juu ya miaka 50, wanawake ni wengi kuliko wanaume, na upande wa kulia wa uso hushikwa zaidi ya wa kushoto. Daktari Mfaransa anaitwa Nicolas André aliiandika tangu 1756, kwa hivyo usidhani ni ugonjwa wa juzi ulioletwa na simu.

Lakini hata kama haijakushika, kaa hapo. Mashine inayofanya hii shoti ndiyo hiyohiyo inafanya jino likuume, pilipili ikuwashe na kipandauso kikulaze kitandani na mapazia yamefungwa. Na hiyo mashine inatumia stima. Si kwa mfano, ni stima kweli.

WAYARINGI YA USO WAKO

Kila upande wa uso una neva moja kubwa inaitwa trijemina, jina la Kilatini la mapacha watatu, kwa sababu ina matawi matatu. La kwanza linashika paji la uso na jicho. La pili linashika shavu, pembe ya pua na meno ya juu. La tatu linashika taya, meno ya chini na sehemu ya ngozi iliyo mbele ya sikio. Yote matatu yanakutana ndani ya fuvu na kuingia kwa shina la ubongo, ile sehemu ya chini inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Hapo ndipo pia kuna mitambo ya kupumua na mapigo ya moyo. Ni mahali padogo, hapafiki unene wa mahindi mawili ukiyashika pamoja, lakini ukiharibu hapo umemaliza kila kitu.

Waya za kubeba maumivu zikishaingia, zinateremka chini hadi karibu na shingo, kwa kituo kinaitwa kiini cha trijemina. Sehemu yake ya mwisho, kaudalisi, ndiyo ofisi ya maumivu ya uso. Hapo waya kutoka usoni zinakabidhi ujumbe kwa nyuroni nyingine, na hizo ndizo zinapeleka ripoti juu kwa ubongo wenyewe.

Sasa shida ya hiyo ofisi ni kwamba nyuroni moja haisikilizi mteja mmoja. Nyuroni moja inaweza kupokea waya kutoka kwa jino, nyingine kutoka kwa misuli ya taya, nyingine kutoka kwa ngozi ya shavu, na hata kutoka kwa utando unaofunika ubongo na sehemu ya juu ya shingo. Ikipiga kelele, ubongo unajua kuna noma, lakini ni nani hasa ameita? Unakisia. Ndiyo maana jino la juu linaweza kuuma na wewe unaapa ni la chini. Ndiyo maana pia kipandauso kinaweza kuanza na shingo kukaza. Na ndiyo maana unaweza kumwonyesha daktari jino zima kabisa kwa kidole, ukiwa na uhakika wote wa dunia.

VOLTI NGAPI?

Nyuroni ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi ya kama milivolti 65 ukilinganisha na nje. Betri moja ya rimoti ni milivolti 1,500. Kwa hivyo ungehitaji nyuroni kama 23 zikipangwa laini moja ndio ufikie nguvu ya betri moja ndogo. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ukuta wa seli ni mwembamba sana hivi kwamba hizo milivolti 65 zinatosha kabisa.

Hiyo chaji haijiweki. Kuna pampu kwenye ukuta wa seli inatoa chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu, bila kupumzika, mchana na usiku. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zako ukiwa umetulia, na sehemu kubwa inaenda kulipa hii pampu. Jens Skou wa Denmark ndiye aliivumbua mwaka wa 1957, akapewa Nobel 1997. Na hapa kuna kitu wazee wetu walijua bila maabara: ile sumu ya mishale ambayo Wakamba na Wagiriama walichemsha kutoka kwa mti wa porini inaua kwa kuzima hii pampu. Pampu ikizimwa, moyo unakwama. Wanasayansi wamekuwa wakitumia kemikali ya hiyo sumu kwa maabara miaka mingi kusoma jinsi pampu inafanya kazi.

Haya. Upepo ukigusa shavu, ama pilipili ikigusa ulimi, milango midogo inafunguka kwenye ncha ya neva na chaji inaanza kupanda kutoka hasi 65 kuelekea hasi 50 hivi. Ikifika hapo, hakuna kurudi nyuma. Milango ya sodiamu inafunguka yote kwa mpigo, sodiamu inamiminika ndani, chaji inaruka juu ya sifuri hadi kama chanya 30, halafu milango ya potasiamu inafunguka na kuirudisha chini. Hiyo yote inachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hodgkin na Huxley, Waingereza wawili, waliipigia hesabu 1952 wakitumia neva nene ya ngisi, yule mnyama wa baharini wa mikono mingi. Nobel yao ilikuja 1963.

Mpigo ukishaanza, unakimbia na waya. Lakini waya hazina spidi moja. Zile nyembamba zenye kifuniko kidogo cha mafuta zinabeba maumivu makali kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, yaani kutoka kilomita 18 kwa saa hadi 108. Hiyo ni kama nduthi kwa barabara mbovu hadi nduthi ya mwendawazimu kwa lami. Zile zisizo na kifuniko zinatembea mita moja au mbili tu kwa sekunde, mwendo wa mtu wa miguu. Ukigonga kidole cha mguu kwa kitanda unasikia "chwa!" halafu baadaye kidogo yale maumivu mazito ya kuchoma yanafika. Hao ni wajumbe wawili wa ajali moja.

MANAMBA WANNE WA STAGE

Hapa ndipo mimi hupenda sana. Watafiti walichukua vipande vyembamba vya shina la ubongo la panya, vikiwa bado hai, wakachoma nyuroni za kaudalisi na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, wakaziwekea stima ileile, kiasi kilekile. Ungedhani zitajibu sawa. Wapi! Kila moja na tabia yake.

Nenda stage uangalie manamba. Kuna yule anaita "Eldy Eldy Eldy" tangu gari lije hadi liondoke, hapumui. Kuna nyuroni kama hiyo: stima ikiwepo, inapiga tu mfululizo. Kuna manamba anapiga kelele nyingi mwanzo mwanzo halafu ananyamaza anaenda kunywa chai. Iko pia. Kuna yule wa tatu, anasimama kimya, anaangalia, na ni gari likikaribia kujaa ndio anaanza kuita. Hiyo nyuroni inachelewa kwa sababu ina milango fulani ya potasiamu inayofunguka haraka na kuivuta chini, so lazima isubiri hiyo milango ijifunge kwanza. Na kuna wa nne, anaita mara moja tu, "Eldy!", basi.

Kwa nini ujali? Kwa sababu hiyo tabia haikuandikwa kwa jiwe. Inategemea ni milango gani iko kwa ukuta wa nyuroni na mingapi. Punguza milango ya potasiamu, yule mpole wa tatu anageuka kuwa wa kwanza. Guso lilelile la shavu ambalo jana lilileta mpigo mmoja, leo linaleta mipigo ishirini. Uso haujabadilika, na upepo ni uleule wa jana. Ni manamba amebadilika.

Na kuna kitu kingine hufanyika ofisini humo. Ukiuma kwa muda mrefu, waya za polepole zikiendelea kubisha mlango mara moja kila sekunde hivi, nyuroni ya kaudalisi haizoei. Inazidi kuwa mkali kwa kila hodi. Kuna milango fulani hapo huwa imezibwa na chembe ya magnesiamu, kama kizibo kwa chupa. Stima ya kawaida haikitoi. Lakini hodi zikirundikana, chaji inapanda, kizibo kinaruka, na kalsiamu inaingia ndani na kubadilisha nyuroni kwa muda. Ndiyo maana mtu wa kipandauso mara nyingine hawezi kuchana nywele wala kuvaa miwani: kichwa kiko sawa kwa nje, ila ofisi imeshawashwa moto. Na ndiyo maana ukiacha jino bovu likuume miezi mitatu, maumivu yanakuwa magumu kutuliza kuliko ungeenda wiki ya kwanza.

Kwa bahati nzuri kuna askari pia. Nyuroni nyingine ndogo hapo ndani kazi yao ni kusema "tulia," wakitumia kemikali kama glaisini. Mwaka wa 2007 watafiti wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, walizima hao askari wa glaisini kwa shina la ubongo la panya wakitumia strikini, ile sumu ya kuua mbwa, kwa kiasi kidogo sana. Baada ya hapo, kugusa uso wa panya polepole tu, kama kupuliza upepo, kukawa maumivu. Hawakuumizwa mahali popote. Waliondolewa askari tu.

WAYA IMECHUNIKA

Turudi kwa ile shoti. Kwa wagonjwa wengi wa nuraljia ya trijemina, shida ya kwanza iko pale neva inapoingia kwa shina la ubongo. Mshipa wa damu umelala juu ya neva. Mshipa unadunda kila moyo ukipiga. Kama moyo wako unapiga mara 70 kwa dakika, hizo ni mara 100,800 kwa siku, kila siku, miaka na miaka. Kifuniko cha mafuta kinachunika, kama vile waya ya stima inavyochunika ikisuguana na bati la paa. Sasa waya za uchi zinagusana. Fundi yeyote wa stima anajua kinachofuata.

Waya ya kubeba "nimeguswa polepole" inaruka shoti hadi kwa waya ya kubeba "naumia". Na waya iliyochunika ikishapiga mpigo mmoja, inaweza kuendelea kujipiga yenyewe, iwashe jirani, jirani awashe jirani. Kundi zima linawaka, kaudalisi inapokea kelele za mbogi nzima, halafu zinachoka kwa pamoja na kunyamaza. Ndiyo maana mara nyingi baada ya shoti kuna dakika kadhaa ambazo hata ukijigusa hakuna kitu. Si kila mtu mwenye mshipa juu ya neva anaumia, wengine wanaishi nao hadi wanazikwa bila kujua. So ni waya na manamba wakiharibika pamoja. Kwa wachache sababu ni nyingine, uvimbe au ugonjwa wa kifuniko cha neva, hasa kama mgonjwa ni kijana, ama pande zote mbili zinauma, ama uso umekufa ganzi. Hapo picha ya MRI si ya kusubiri.

FUKO WA UKAMBANI ASIYESKIA

Kuna mnyama wa hapa kwetu amefundisha dunia sana kwa hii mambo. Fuko uchi: hana manyoya, meno yametokeza mbele, anaishi chini ya ardhi sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Kwa sura, pole, hawezi kushinda shindano lolote. Mwaka wa 1990 Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Kjell Hole wa Norway, walimpa mofini wakitarajia atulie. Badala ya maumivu kupungua, alianza kupigana na wenzake.

Baadaye ikaonekana asidi haimuumi. Watafiti wa Berlin walieleza 2011: milango yake fulani ya sodiamu imeumbwa tofauti kidogo, na asidi yenyewe inaizima. Wewe asidi inakuwasha, yeye asidi inamzimia fyuzi. Na 2012 ikapimwa kwa uso kabisa. Walipuliziwa mvuke wa siki kali. Kwa panya wa kawaida, kiini cha trijemina kiliwaka. Kwa fuko, kimya. Anaishi na wenzake wengi kwa shimo moja lenye hewa nzito iliyojaa kaboni dayoksaidi, na hiyo hewa ikigusa unyevu wa pua inakuwa asidi. Angekuwa na wayaringi kama yako angelia maisha yake yote.

Ona ni mlango upi umetajwa: sodiamu. Ganzi ya daktari wa meno inaziba hiyo. Na dawa kuu ya nuraljia pia.

DAWA, NA MAMBO YA KUCHUNGA

Panadol na Brufen hazitasaidia sana kwa hii shoti, kwa sababu hakuna uvimbe wa kutuliza. Dawa inayoanza ni kabamazepini, wengi wanaijua kama Tegretol. Ilitengenezwa Basel, Uswisi, 1953, na daktari wa Sweden, Blom, akaonyesha 1962 kwamba inazima hii shoti. Ujanja wake ni mtamu: inashika milango ya sodiamu ile inayofunguka na kufunga ovyo ovyo, na kuiacha ile tulivu. Manamba mwenye kelele ndiye anashikwa.

Lakini ni dawa ya kifafa pia. Ukienda kemisti utasikia, "Kwani una kifafa?" na wasee wengine wanaitupa njiani wakiona aibu. Usitupe. Ni neva zinatulizwa, kule kwa kifafa na huku kwa uso.

Pia si dawa ya kujinunulia. Inaanzwa kidogo kidogo, inaleta kizunguzungu na usingizi, kwa hivyo kama kazi yako ni nduthi mwambie daktari mapema. Inaweza kushusha chumvi kwa damu. Ukitoka vipele, iwache na uende hospitali siku hiyohiyo. Inapunguza nguvu ya tembe na vipandikizi vya kupanga uzazi. Na hii isikupite: kidonge cha TLD kina dolutegravia, na kabamazepini inaishusha kwa damu hadi virusi vinaweza kupata nafasi. Kama unatumia TLD, sema hapo mezani kabla karatasi iandikwe. Daktari ana njia ya kurekebisha dozi, lakini lazima ajue.

Ukienda kuonwa, kwa daktari wa meno au kliniki, usiseme tu "jino linauma". Sema inakaa sekunde ngapi. Sema kama kati ya shoti moja na nyingine uko sawa kabisa. Sema nini huiwasha: mswaki, upepo, kuongea, kutafuna. Jino bovu kwa kawaida linadunda usiku, linabaki likiuma baada ya chai moto, au linavimba. Upepo tu kwa ngozi ya shavu hauliwashi. Waambie wapige picha ya jino kabla ya koleo. Kama jino liko safi, omba barua ya kwenda kwa daktari wa neva. Kutoka Turbo, rufaa ya karibu ni MTRH pale Eldoret, hospitali iliyoanza 1917 ikiwa kijihospitali kidogo.

Dawa ikishindwa, kuna upasuaji. Peter Jannetta, Mmarekani, aliutengeneza 1967: tundu dogo linafunguliwa nyuma ya sikio, mshipa unainuliwa polepole, na kipande kidogo cha Teflon, ile kitu ya sufuria zisizoshika, kinawekwa katikati ya mshipa na neva. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wagonjwa, kama 7 kati ya 10 walikuwa bado hawana maumivu wala dawa miaka 10 baadaye. Wengi wao maumivu yaliisha mara tu baada ya upasuaji.